Mikataba Miwili na Vita vya 1914

Masimulizi ya Vita Kuu vya Kwanza huanzia kwa kawaida kwenye risasi iliyopigwa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, ikamwua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaficha mwezi mzima uliopita kabla vita havijatangazwa. Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba machafuko ya Balkani ya 1908, 1912 na 1913 yalikwisha bila madola makuu kupigana yenyewe kwa yenyewe. Uhasama ulikuwapo siku zote. La kuuliza ni kwa nini safari hii haukuzuilika.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika namna kila dola lilivyojifunga kwa ahadi na kwa ratiba. Mwanzoni mwa Julai Ujerumani iliiahidi Austria-Hungaria msaada usio na masharti. Tarehe 23 Austria-Hungaria ikaipelekea Serbia madai makali na kuipa saa 48 za kujibu. Serbia ilikubali karibu yote. Mfalme Wilhelm wa Pili alipoyasoma majibu hayo, tarehe 28 Julai, aliandika kwamba sababu ya vita imekwisha kuondoka; siku hiyo hiyo Austria-Hungaria ikatangaza vita. Urusi ilijiona kuwa mlinzi wa Serbia. Nikolai wa Pili alitoa amri ya kuyaita majeshi yote tarehe 29, akaifuta usiku ule, kisha akairejesha kesho yake, kwani majemadari wake walishikilia kwamba kuita sehemu ya jeshi kungevuruga mpango wa kuliita lote. Nao mpango wa Ujerumani ulikuwa mmoja tu: kuivunja Ufaransa kwa majuma machache kabla Urusi haijawa tayari. Hivyo kila siku ambayo Urusi ilikusanya watu ilihesabiwa Berlin kuwa siku iliyopotea. Tarehe 1 Agosti Wilhelm alitaka majeshi yageuzwe yote kuelekea mashariki. Moltke, mkuu wa majemadari, akamjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa safari za magari moshi zilikwisha pangwa. Kila serikali ilisema kwamba inajihami, na la kusikitisha ni kwamba nyingi zilisadiki.

Mpango huo ulipitia Ubelgiji, nchi ambayo madola makuu, Uingereza na Prussia yakiwamo, yaliidhamini mwaka 1839 kwamba haitaingizwa katika vita vya wengine. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walivuka mpaka, na usiku wake Uingereza ikaingia vitani. Hapana shaka Uingereza ilikuwa na hofu zake nyingine, hasa ya kuona dola moja likitawala pwani inayoielekea. Hata hivyo, mkataba ule wa miaka 75 ulisaidia sana kuliunganisha baraza la mawaziri lililokuwa limegawanyika.

Mkataba wa pili hukumbukwa mara chache. Mkataba wa Berlin wa 1885, unaotajwa zaidi kwa habari za kugawanywa kwa Afrika, ulikuwa na vifungu kuhusu vita. Vilihusu bonde la Kongo lililowekewa biashara huru, ambalo katika ramani ya wanadiplomasia lilinyooshwa hadi Bahari ya Hindi, likazifunika koloni za Wadachi na za Waingereza za Afrika ya Mashariki. Dola likiingia vitani, koloni yake humo iliweza kuhesabiwa kuwa nje ya vita, kwa ridhaa ya pande zote mbili. Neno lililouua mkataba huu ni hilo la ridhaa.

Gavana Heinrich Schnee wa Dar es Salaam aliyategemea maandishi hayo. Kamanda wa majeshi yake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuyajali. Kwake koloni ilikuwa chambo cha kuwavuta askari wa adui mbali na Ulaya. Wala Uingereza, iliyokuwa imetoka kuutetea mkataba wa Ubelgiji, haikuusubiri huu. Tarehe 8 Agosti manowari yake iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Mapatano ya kuziacha Dar es Salaam na Tanga yalifanywa papo hapo, lakini London ikakataa kuyathibitisha. Tarehe 15 Wadachi waliiteka Taveta. Novemba, kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi kilipofika Tanga, nahodha Mwingereza alitangulia kuujulisha mji kwamba mapatano yamekwisha. Adabu hiyo ilimpa Lettow-Vorbeck nafasi ya kuleta askari kwa gari moshi, na wachache wakawashinda wengi.

Vita hivyo havikwisha Afrika ya Mashariki ila tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Walioubeba mzigo wake hasa ni wapagazi. Upande wa Waingereza peke yao, waliokufa na kuandikwa walizidi 40,000, wengi kwa maradhi na njaa; na wasioandikwa hawana hesabu. Hakuna aliyewauliza ridhaa yao. Jina la Kiingereza la kikosi chao, lilivyotamkwa na Waswahili, ndilo lililobaki Dar es Salaam kuwa Kariakoo, na Nairobi, ambako huandikwa Kariokor. Huko kote sasa ni sokoni.