Mgagani Nilioung'oa

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, shule zilitakiwa kuwa na mashamba. Miaka michache baadaye nilitoka chuo cha ualimu nikapangiwa Dodoma. Bustanini kwangu nilipanda kabichi na nyanya kwa mistari. Mgagani ulioota wenyewe niliung'oa nikiuita gugu, na wanafunzi wangu nikawafundisha vivyo hivyo.

Ukaja msimu wa 1974/75, wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Maji yaliadimika, kabichi zikanyauka kabla ya kufunga. Jirani yangu, bibi wa Kigogo, alikuwa amechuma mgagani kwa mvua chache zile, akauanika na kuuweka akiba. Kiangazi kizima alinigawia, tukaupika kwa karanga.

"Mwalimu," aliniambia, "ulikuwa unatupa chakula."

Kabichi ilitujia kutoka Ulaya, na asili ya nyanya ni Amerika. Mgagani ni wa kwetu Afrika, umezoea jua. Sasa nachuma majani machanga tu ili uchipue tena, na miche michache naiacha izae mbegu. Wanafunzi wangu wa zamani wakinitembelea, hawaondoki bila mbegu hizo.