Insafu ya Darasa: Maadili ya Shule ya Msingi na Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu

Aghalabu shule ya msingi nchini Tanzania huyaandika maadili yake ukutani, karibu na mlango wa mwalimu mkuu: nidhamu, bidii, upendo, heshima, na sijapata kumwona mtu akiyapinga. Lakini maadili hayo hujulikana ukweli wake pale shule inapolazimika kuamua, kwa saa zake chache na fedha zake haba, ni nani ahudumiwe kwanza; na uamuzi huo hauonekani bayana popote kama unavyoonekana katika hali ya mtoto asiyeona, au kiziwi, au mwenye ualbino, au mwenye ulemavu wa akili, au yule asiyekuwa na ulemavu wa kuonekana ila herufi humchanganyikia kila afunguapo kitabu. Makala haya yanadai kwamba msaada anaopewa mtoto huyo ndio maadili yenyewe ya shule, wala haujuzu kuhesabiwa hisani ya kuongezwa juu baada ya kazi nyingine zote kwisha.

Wasomaji waliopitia chuo cha Kurani watakumbuka sababu ya kuteremshwa kwa sura ya Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji kwamba wao wakisilimu watu wengi watawafuata, mara akaja Abdullahi bin Ummi Maktum, mtu asiyeona, akitaka kufundishwa, naye akakunjiwa uso, ndipo aya zikateremka kulaumu kule kumwelekea ajionaye hana haja na kumwacha aliyekuja kwa shauku ya elimu. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapakuwa na chuki pale. Palikuwa na hesabu ya faida ya wengi, tena hesabu iliyofanywa kwa nia njema. Mwalimu mkuu awapaye darasa la saba walimu wake hodari kuliko wote, na kumwacha mtoto mwenye uono hafifu ajipapasie mwenyewe kule nyuma, naye hana chuki. Anapiga hesabu ile ile. Na Ibn Ummi Maktum, tukumbuke, baadaye alikuwa mwadhini wa Madina, na zaidi ya mara moja aliachiwa mji wenyewe Mtume aliposafiri.

Wala mwambao haukukosa mfano wake wa ufundishaji. Katika chuo cha Kurani kila mtoto alikuwa na juzuu yake na mahali alipofikia. Mmoja yungali kwenye alifu, mwenziwe akaribia kuhitimu, nao wameketi mkeka mmoja, mkubwa akimsikiliza mdogo, na mwalimu akimpokea kila mmoja kwa zamu yake. Hata asiyeona aliweza kuhifadhi kwa sikio. Taha Hussein wa Misri, aliyepofuka angali mdogo, alianzia katika chuo cha namna hiyo, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa nchi yake. Sitaki kuupamba utaratibu ule kupita kadiri, kwani fimbo yake yajulikana, na mtoto kiziwi hakuwa na nafasi mahali ambapo elimu yote ilipitia masikioni. Walakini haukumtaka mtoto yeyote aende kwa mwendo wa darasa, madhali darasa lenyewe halikuwapo.

Shule ya leo ina darasa, na darasa lina mtihani. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao miongoni mwa mambo yake ulizipanga shule za msingi, kitaifa na kiwilaya, kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, na orodha zikatangazwa. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliochunguza matokeo ya shule tangu mwaka 2011 hadi 2016, waliona mambo mawili yaliyokwenda pamoja: shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliinuka, na wakati huo huo shule zikawaondoa kwa makusudi baadhi ya wanafunzi wasifike mwaka wa mwisho. Utafiti huo haukuwahusu watoto wenye ulemavu, wala sitaulazimisha useme usilolisema. Bali kila aijuaye shule aweza kukisia ni watoto wa namna gani huambiwa warudie mwaka, au huachwa watoroke bila ya mtu kuwafuata nyumbani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitazitaja tena shule bora wala watahiniwa bora. Lilifanya vema, ila mazoea ya kuihukumu shule kwa orodha hayajafutika vichwani mwa wazazi, wala maofisini.

Hutolewa udhuru wa fedha, nao si udhuru wa uongo. Tangu mpango wa elimu bila ada ulipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mashine moja ya kuandikia nukta nundu yaweza kumeza ruzuku ya mamia ya watoto. Lakini si kila msaada unangoja mashine. Mtoto mwenye ualbino, ambaye macho yake aghalabu ni dhaifu kwa kupungukiwa na rangi ile ile iliyopungua katika ngozi, ahitaji kuketi karibu na ubao na mbali na dirisha lenye mwanga mkali, aandikiwe kwa herufi kubwa, aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo, na asisimamishwe mstarini juani. Kwa hayo yatosha mwalimu anayejua, na hapa ndipo kasoro ilipo: Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, chawafunza walimu wa elimu maalumu, ilhali mwalimu wa kawaida mwenye darasa la watoto sitini hana ila huruma yake.

Kuna wanaodhani dawa ni kuvifunga vitengo vya elimu maalumu na shule za peke yake, watoto wachanganywe wote. Nao hulitaja Tamko la Salamanca la mwaka 1994 kuhusu elimu ya mahitaji maalumu, lililokubaliwa na serikali 92. Sikubaliani nao katika jambo la viziwi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataka lugha ya alama iwezeshwe katika elimu. Na kumketisha mtoto kiziwi kati ya wanaosikia, pasipo mtu hata mmoja ajuaye lugha yake, ni kumfungia upweke ndani ya umati. Shule kama ile ya viziwi ya Tabora isivunjwe kabla hajapatikana mwalimu wa kumpokea mtoto huko anakopelekwa.

Kwa hiyo nawaomba wathibiti ubora wa shule kwamba, kabla ya kulifungua daftari la matokeo, waliitishe daftari la mahudhurio la darasa la tano la mwaka juzi, walilinganishe na la darasa la saba la mwaka huu, na wamtake mwalimu mkuu alieleze kila jina lililopungua.