Mpaka Ukifungwa, Ugonjwa Hupita Wapi?

Karatasi yenyewe ilifika Liboi jioni moja ya Ramadhani, mwaka 2020. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu wa Kiingereza cha ofisini. Chifu akamtuma kijana aniite.

"Macallin," aliniambia nilipofika, "kesho asubuhi nasimama pale kisimani niwasomee watu. Nigeuzie hii iwe Kisomali chetu, si kile cha redio."

"Sawa, Adeer," nikamjibu, tukakaa kitako baada ya kufuturu, yeye na tochi, mimi na kalamu. Sentensi nyingi hazikunisumbua: nawa mikono, vaa barakoa, msisalimiane kwa mkono, msikusanyike. Nilidhani neno karantini ndilo litakalotutoa jasho. Kumbe tunalo zamani, karantiil, na hakuna mzee wa Liboi asiyelijua. Shida ni kwamba kwetu hilo ni neno la ng'ombe.

Tangu enzi za Mwingereza, mifugo ya iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini iliwekewa karantini miaka nenda miaka rudi, isije ikaambukiza ng'ombe wa walowezi kule nyanda za juu. Watu nao waliwekewa yao. Sheria ya 1902 iliruhusu wilaya za pembezoni zifungwe, ile ya 1934 ikaongeza masharti, na mtu akawa anaingia na kutoka kwa kibali. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujaisha eneo letu lilikuwa chini ya hali ya hatari, ambayo sheria zake ziliendelea mpaka 1991. Halafu Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tukapigwa kafyu ya usiku kucha. Kwa hiyo Kenya nzima ilipoingia kafyu tarehe 27 Machi 2020, na jamaa zetu wa Nairobi wakapiga simu kulalamika, wazee wetu walicheka. "Karibuni," waliwaambia.

Nayasema haya si kwa sababu corona ilikuwa mchezo. Nayasema ili msomaji aelewe watu waliosimama kisimani asubuhi ile walikuwa wanasikia nini. Chifu alisoma vizuri, na akamalizia kwa methali ya Kiswahili, kwa sababu chifu hupenda kumaliza kwa Kiswahili: mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wakaitikia kwa vichwa, kisha wakaenda zao.

Liboi iko chini ya kilomita 20 kutoka Somalia. Ng'ambo ni Dobley, na familia nyingi za hapa zina mguu mmoja huku na mwingine kule. Mji wetu uko katika kaunti ndogo ya Dadaab, Kaunti ya Garissa, na tangu ugatuzi uanze 2013 tuna serikali mbili. Hospitali na zahanati ni za kaunti. Chifu, polisi, mpaka na wakimbizi ni mambo ya Nairobi. Mwaka ule tangazo la Nairobi lilifika haraka kuliko huduma ya yeyote kati yao. Tarehe 13 Machi, waziri wa afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza. Siku mbili baadaye rais akaamuru shule zifungwe. Tarehe 29 Aprili kuingia na kutoka katika kambi za Dadaab na Kakuma kukasitishwa. Tarehe 16 Mei mipaka ya Tanzania na Somalia ikafungwa kwa watu wote, isipokuwa madereva wa mizigo, na hao nao sharti wapimwe kwanza.

Amri ya kufunga shule ilinikuta nikiwa tayari nimebaki na ubao tu. Tarehe 13 Januari mwaka huo huo, walimu watatu waliuawa na al-Shabaab huko Kamuthe, na kufikia Februari walimu wengi wasio wenyeji walikuwa wamehamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Sisi wenyeji tulibaki tukiunganisha madarasa. Nchi ilipoanza kuzungumzia watoto kukosa masomo, wetu walikuwa wameanza kitambo.

Na amri ya kufunga mpaka ilinikuta nina mgeni nyumbani.

Abti wangu, ndugu yake mama, alifika kutoka upande wa Dobley siku chache kabla ya Idi, usiku, kwa mkokoteni wa punda. Alikuwa na homa na kikohozi kikavu. Namba ya serikali, 719, nilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeiandika kwenye karatasi ya chifu kwa tarakimu kubwa. Nilishika simu nikaiweka chini, nikaishika tena. Ningesema nini? Kwamba kuna mtu amevuka mpaka uliofungwa, anaumwa, na yuko kwangu? Tulikuwa tumesikia habari za waliokamatwa kwa kuvunja kafyu wakapelekwa karantini, na kwamba mwanzoni waliowekwa karantini ya lazima walidaiwa malipo. Katika masikio yetu, kupiga 719 kulikuwa sawa na kwenda kituo cha polisi kujishtaki.

"Wacha hiyo simu," Ayeeyo, nyanya yangu, akaniambia. "Zamani walikuwa wanakuja wenyewe kuuliza."

Neno hilo lilinikaa. Alikuwa anazungumzia ndui, tunayoiita furuq. Mwaka 1977 Somalia ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000 wa ndui, na mwanzoni mwa mwaka huo ugonjwa ulikuwa umevuka na kuingia Kenya upande wa Mandera. Wahudumu walitumwa kufuata wafugaji, hema kwa hema, kisima kwa kisima, wakiwa na picha ya mtoto mwenye vipele. Ayeeyo aliikumbuka picha hiyo. Alisema mtu mmoja alikuja kwenye kisima chao, akanywa maziwa ya ngamia, akaonyesha picha, akauliza kama kuna aliyeona mtoto wa namna hiyo. Hakuuliza mtoto ni wa nchi gani. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Ugonjwa uliokuwa umeua watu kwa karne nyingi ulimalizikia kwa majirani zetu, katika nchi ya watu wanaohamahama, kwa sababu kuna waliokubali kuhamahama nao.

Mimi mwenyewe nakumbuka 1997. Mvua za El Niño zilipiga hadi Garissa ikawa kisiwa, mbu wakawa kama moshi, na mbuzi wakaanza kutupa mimba. Wazee walisema huu si ugonjwa wa mbuzi peke yao. Kisha watu nao wakaanza kutoka damu na kufa. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Watafiti walikuja kukadiria kwamba katika Wilaya ya Garissa pekee walioambukizwa walifika 27,500. Ilirudi mwishoni mwa 2006, na ikaua zaidi ya watu 150 nchini. Wafugaji wa huku tayari walikuwa na jina lake, sandik, yaani damu ya pua. Watafiti walipowahoji baadaye waligundua kwamba wafugaji waliziona dalili zote kwa mpangilio sahihi: mvua, mbu, mimba kutoka, kisha watu. Habari ilikuwepo, na ilikuwepo mapema. Kilichochelewa ni mtu wa kuichukua kutoka malishoni na kuifikisha ofisini.

Majira yale yale ndipo Liboi yangu inapoingia. Oktoba 2006 polio ilipatikana kwa mtoto katika kambi za Dadaab, mara ya kwanza Kenya tangu 1984. Desemba homa ya Bonde la Ufa ikawaka. Na mwishoni mwa Desemba, majeshi ya Ethiopia yalipowafurusha Mahakama za Kiislamu kutoka Mogadishu, serikali yetu ikaogopa wapiganaji, na mwanzoni mwa Januari 2007 ikafunga mpaka. Hofu hiyo haikuwa ya bure, sisi tunaoishi hapa tunaijua. Lakini pamoja na mpaka kulifungwa kitu kingine. Hapa Liboi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa na kituo cha kupokea wanaovuka. Mtu alifika, akaandikishwa, akapimwa afya yake, kisha akapelekwa kambini kwa gari. Mpaka ulipofungwa, na kituo kikafungwa.

Je, watu waliacha kuvuka? Mwanzoni mwa 2007 kambi za Dadaab zilikuwa na watu chini ya 200,000. Kufikia 2011, mwaka wa ukame mkubwa, walikuwa zaidi ya 400,000. Wengi wa walioongezeka walipita kwenye mpaka ambao kwa karatasi haupitiki. Tofauti ni kwamba sasa walipita porini, usiku, wakivizia, na hakuna aliyewauliza mtoto amechanjwa au la. Serikali ilidhani imefunga mlango. Imefunga dirisha lililokuwa likiuonyesha ugonjwa, mlango ukabaki vile vile.

Mei 2013 polio ikapatikana tena Dadaab, kwa mtoto wa miezi minne. Mwaka huo Kenya ilipata wagonjwa 14, na Somalia zaidi ya 190. Hapo serikali na mashirika wakakumbuka njia ya zamani. Wakaajiri watu wa hapa hapa, wengi wao akina mama, wakapita nyumba kwa nyumba na vijaluba vya barafu, wakiwapa matone watoto na, kwa mara nyingine, hata watu wazima. Ng'ambo, Ali Maow Maalin, yule mpishi wa Merca, naye alikuwa katika kampeni ya polio. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa kazini.

Kijijini kwetu mwanamke mmoja alianza kazi hiyo mwaka huo, na hajaacha mpaka leo. Sote tunamwita Eeddo, shangazi. Siku ya tatu ya ugonjwa wa Abti, alikuja kwetu jioni bila kuitwa. Alikuwa na barakoa ya kitambaa aliyojishonea na daftari. Hakuuliza mgeni amepita wapi. Aliuliza, "Anapumuaje?" Akatwambia tumtoe kwenye nyumba ya Ayeeyo, apewe herio yake peke yake nje, kikombe chake, sahani yake, na mtu mmoja tu wa kumhudumia. Hakuwa na kipimo wala dawa. Alikuwa na maneno, na sisi tukayafuata, kwa sababu mkono ule ndio uliowapa watoto wetu matone.

Tulimtoa Abti siku hiyo hiyo. Lakini siku tatu tayari zilikuwa zimepita. Abti alipona baada ya wiki mbili. Ayeeyo alianza kukohoa Idi ilipopita, na mwanzoni mwa Juni tukamzika, watu wachache kama ile karatasi yangu ilivyoagiza. Hakupimwa, kwa hiyo hayumo katika hesabu yoyote iliyosomwa Nairobi kwenye matangazo ya kila alasiri. Nimejiuliza mara nyingi: Eeddo angekuja siku ya kwanza? Hakuja kwa sababu hakujua. Hakujua kwa sababu mimi, mwalimu, mwandishi wa tangazo, nilificha mgonjwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni ya kweli, na mimi ni shahidi wake. Ila haisemi nani aliyemfundisha mtu kuficha. Tangazo letu lilikuwa na amri kumi na mbili, nilizihesabu baadaye, na hakuna hata sentensi moja iliyosema: ukiugua tutakuja, hutalipa, hutaulizwa ulipitia wapi. Tangazo likija kwa sauti ile ile inayotangaza kafyu na msako, watu hulipokea kama kafyu na msako. Hawalipingi. Wanaitikia kwa vichwa, wanakwenda zao, na habari ambayo serikali inaihitaji kuliko zote, yaani nani anaumwa na wapi, inabaki ndani ya herio.

Sidai kwamba mpaka uachwe wazi kama soko. Tuliozika jamaa kwa risasi na mabomu hatuwezi kusema hivyo. Nasema tu kwamba kituo cha afya mpakani si zawadi kwa wanaovuka. Ni kinga ya Garissa na ya Nairobi. Kafyu ya nchi iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba mpaka utafunguliwa kwa awamu, Mandera kwanza, kisha Liboi. Julai, baada ya mashambulizi mengine, ikaahirisha.

Ile karatasi bado ninayo. Nyuma yake nimeandika upya tangazo kwa Kisomali chetu, kwa siku ambayo chifu ataniita tena. Linaanza na jina la Eeddo na nyumba anayoishi, kisha saa anazopatikana. Amri ziko chini, nazo ni tatu.