Lilanga hakuacha kuchonga

Kwetu Newala ukisema msanii, watu hufikiria mchongaji. Ukitaja mchoraji, wanakuelekeza Dar es Salaam. Tumezoea hivyo: mpingo ni wa Mmakonde, rangi ni ya Tingatinga. Nasomea shahada ya umahiri katika historia, na aliyenifanya niutilie shaka mgawanyo huu ni George Lilanga.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika familia ya Kimakonde huku kusini. Alianza kuchonga mizizi ya mihogo, akaenda kwenye miti laini, kisha mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi. Vinyago vyake vilipoonekana, mlinzi akawa msanii. Hapo akashika wino, batiki na rangi. Akachora kwenye karatasi, ngozi za mbuzi, mbao na turubai. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, Marekani.

Wengi husimulia safari hiyo kama ya mtu aliyeacha kuchonga akawa mchoraji. Tazama picha zenyewe. Wamejaa mashetani wenye masikio makubwa na midomo iliyotokeza: wanacheza ngoma, wanapika, wanagombana kama majirani. Hakuna upeo wa macho wala pengo. Mkono wa huyu unaanzia kwenye tumbo la yule. Ndivyo gogo linavyomlazimisha mchongaji, maana mti hauna nafasi ya kupoteza. Lilanga alibadili kifaa, lakini jicho lilibaki la mchongaji.

Wala kalamu haikuwa ngeni kusini. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti kutoka Leipzig, alipita Masasi na Newala, akawapa wapagazi na wenyeji karatasi wachore. Michoro yao, ya watu na wanyama, ilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Safari hiyo ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kuanza, na mtafiti aliikusanya kama vielelezo vya akili ya “wenyeji”. Hakuwatafuta wasanii, basi hakuwaona. Nadhani mazoea yetu ya kumfungia Mmakonde kwenye mpingo yana ndugu yake hapo.

Miaka ya mwisho kisukari kilimfanya Lilanga akatwe miguu. Kuchonga kukawa kugumu, akaelemea kwenye uchoraji, akisaidiwa na vijana waliojaza rangi ndani ya mistari yake. Wanunuzi huuliza: picha hizo ni zake kweli? Swali hilo ni la haki kwa anayelipia saini. Lakini kwenye vibanda vya vinyago, mmoja hukata umbo na mwingine hupiga msasa, na kinyago hakipungukiwi na kitu. Kinachopungua ni majina ya wasaidizi, na hilo ndilo deni la mwanahistoria.

Lilanga alifariki mwaka 2005. Picha zake ziko kwenye makusanyo ya Ulaya, ukiwamo mkusanyo wa Jean Pigozzi kule Geneva. Mtoto wa Masasi anayependa kuchora atakutana nazo kwenye simu, akikutana nazo. Ningependa ajue kwamba anachofanya hakikuletwa kusini na mtalii, wala hahitaji kuhama kwanza ndipo aitwe mchoraji.