Kimaa na Kiswahili katika Nyimbo za Vijana wa Arusha

Mtu atokaye Arusha mjini kwa njia ya Namanga hupita Sakina, na hapo husikia Kiswahili na Kimaa cha Waarusha vikisemwa na watu wale wale, mara nyingi katika mazungumzo mamoja. Msomaji alikumbuke jambo hili tunapoeleza habari za X Plastaz, kundi la vijana wa Arusha lililoanza mwaka 1996 kwa muziki wa kufokafoka, ambalo baadaye lilimpokea Merege, mwimbaji wa Kimasai. Albamu yao, *Maasai Hip Hop*, ilitolewa Ujerumani mwaka 2004, nao wakaimba katika matamasha ya Ulaya.

Wengi waliiita kazi hiyo mchanganyiko. Mimi sikubali. Kiswahili hakina toni; mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mfokaji huupatanisha na mdundo. Kimaa kina toni zibadilishazo maana, na wimbo wake wa jadi huongozwa na *olaranyani*, wenziwe wakiitikia kwa ngurumo ya koo. Katika nyimbo za vijana hawa kila lugha ilishika kazi yake, wala Kimaa hakikulainishwa kiwe pambo la Kiswahili.

Lakini msikilizaji wa Ulaya alisikia sauti ngeni tu, hali kijana wa Sakina alisikia maneno. Faza Nelly, mmoja wa wafokaji wao, aliuawa mwaka 2006. Maneno yale ya Kimaa yastahili kuandikwa, pamoja na alama za toni, wangali hai waliyoyaimba.