Nani Anasema? Redio, Wasanii na Wasikilizaji wa Rumonge

Babu yangu anashikilia kwamba aliwahi kumsikia Shehe Kaluta Amri Abedi akihojiwa redioni. Anakumbuka hata alipokuwa amekaa: juu ya gunia la mahindi, nje ya nyumba yake katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, karibu na Mpanda, nchini Tanzania. Redio ilikuwa ya National, ya betri nne, na betri zenyewe zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo jioni. Mtangazaji aliuliza habari za vina na mizani, na Shehe akajibu taratibu, kama mwalimu anayejua kuwa mwanafunzi wake hana daftari.

Ni kumbukumbu nzuri. Tatizo lake ni tarehe. Amri Abedi, malenga aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924 na kutuachia Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, alifariki mwaka 1964. Babu alivuka ziwa kukimbia mauaji ya mwaka 1972, na makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973. Nilifikiri labda kanda ya zamani ilirudiwa hewani, lakini babu anasema kuwa mtangazaji na mgeni wake waligusia pia habari za watu kuhamia vijiji vya ujamaa, yaani mambo ya wakati ule ule. Aliyemsikia jioni ile hakuwa Shehe Amri.

Nimeanza na kosa hili kwa sababu ndilo lililonipa insha. Katika somo la historia tuliambiwa kila mmoja achague jambo moja la vyombo vya habari la kwao na kulichunguza. Nilichagua mazungumzo ya redio na waigizaji, waandishi, wachoraji na washairi. Wenzangu walicheka kidogo, hasa kwa wachoraji. Kumhoji mchoraji redioni, walisema, ni kama kumwonjesha mtu mukeke kwa simu. Lakini kwetu Rumonge msanii ni sauti kwanza. Mtu wa pwani hii, kuanzia Magara na Minago hadi Nyanza-Lac, huwajua waigizaji kwa namna wanavyokohoa na wanavyoita watoto, na anaweza kupita karibu nao stendi ya mabasi asijue kuwa ndio hao. Redio tunazipata za pande zote: ya taifa na za binafsi kutoka Bujumbura, Izere FM ya hapa hapa Rumonge, na nyingine zinazotufikia kutoka Kigoma na ng'ambo ya Kongo. Ziwa halina mpaka kwa mtu mwenye antena.

Nilidhani kazi itakuwa rahisi: nitaomba kanda, nitasikiliza, nitaandika. Nikaenda kituo kimoja cha Bujumbura, ambacho sitakitaja, nikiwa na barua ya mwalimu. Fundi mitambo alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Kisha akanieleza jinsi mambo yalivyokuwa. Kanda zilikuwa za kununua, na fedha zilikuwa chache, kwa hiyo mahojiano yakishakwenda hewani, kanda ilirudi kwenye kabati na wiki iliyofuata ikarekodiwa mkutano wa waziri juu yake. Kompyuta zilipokuja, ikawa zikijaa watu wanafuta. Nikamwuliza kama hakuna chochote cha zamani kilichobaki. Akafikiri, akasema yapo matangazo ya biashara, ya sabuni na ya bia. Hayo yalihifadhiwa kwa sababu yalilipiwa.

Hayo ni maangamizi ya kawaida, ya uzembe na ya umaskini. Yako mengine. Tarehe 13 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, na usiku wa kuamkia tarehe 14, vituo vya redio vya Bujumbura vilishambuliwa. Rema FM ilivamiwa kwanza. Kisha zikafuata RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Redio-Televisheni Renaissance. Nilikuwa na miaka 12. Ninachokikumbuka ni babu akizungusha kitufe cha redio kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, na mahali palipokuwa na sauti pakiwa na mvumo tu, kama mvua iliyo mbali. Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016. Watu wanapozungumzia siku zile husema habari zilikatika, na ni kweli. Mimi najiuliza pia juu ya kabati za mle ndani. Isanganiro ilikuwa hewani tangu mwaka 2002, RPA tangu 2001, Bonesha tangu miaka ya tisini. Hiyo ni miaka mingi ya watu kukaribishwa studio kueleza kwa nini wanaimba, wanaigiza au wanatunga.

Si lazima mambo yaende hivyo. Mwaka 1962 ilianzishwa London asasi iliyoitwa Transcription Centre, chini ya Dennis Duerden, iliyorekodi mazungumzo na waandishi wa Afrika kwa ajili ya vituo vya redio. Achebe alihojiwa, Soyinka alihojiwa, Ngũgĩ alihojiwa angali akiitwa James, Okot p'Bitek naye alihojiwa. Mazungumzo hayo yakakusanywa na Duerden pamoja na Cosmo Pieterse yakawa kitabu, African Writers Talking. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1972. Nilipoiona tarehe hiyo niliweka kitabu chini. Mwaka ambao sauti za waandishi wa Kiafrika zilipigwa chapa London, babu yangu alikuwa ndani ya mtumbwi usiku, akielekea Kigoma, na redio aliyokuwa nayo aliiacha chini ya kitanda. Sisemi kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Leeds au Texas anaweza leo kusoma jinsi Okot alivyojibu swali, nami siwezi kujua jinsi malenga wa RTD alivyomjibu mtangazaji mbele ya babu yangu.

Kwa kuwa kanda hazikuwepo, ikabidi niwafuate wasikilizaji. Hapa ninalazimika kueleza habari za nyumbani.

Tulirudi kutoka Katumba mwaka 2008, nikiwa na miaka mitano. Katika shamba la babu, kati ya michikichi yake, tulikuta familia nyingine. Walikuwa hapo tangu miaka ya sabini na walikuwa na karatasi zao. Shauri likaenda mbele, likakaa, likaenda tena, na mwishowe shamba likagawanywa nusu kwa nusu. Tukapanda ua katikati. Bibi wa upande wa pili, ambaye sisi watoto tuliambiwa tusimsalimie na tukamsalimia hata hivyo, ndiye aliyekuwa shahidi wangu bora, kwa sababu yeye hakukimbia. Vita vya miaka ya tisini alivipitia hapa hapa na redio yake.

Mchezo alioupenda uliitwa Umubanyi niwe muryango, maana yake jirani ndiye ndugu. Ulianza kurushwa mwaka 1997, ukitengenezwa na Studio Ijambo, studio iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground, ambamo Wahutu na Watutsi walifanya kazi meza moja wakati mitaa ya Bujumbura ilikuwa imegawanyika. Aliyeuandika ni Marie-Louise Sibazuri, mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia kwa Kirundi, ambaye baadaye alikwenda kuishi Australia. Habari yake ni ya familia mbili jirani, moja ya Wahutu, nyingine ya Watutsi, na mambo yanayopita kati yao. Mtu anaweza kudhani bibi huyu angenisimulia kisa chenyewe. Hapana. Alichotaka kunisimulia ni siku alipomsikia mwigizaji akihojiwa.

Hakumbuki ni mwaka gani, ila ulikuwa wakati wa marufuku ya kutembea usiku. Hakumbuki jina, wala hana hakika kama mwigizaji huyo alitoka katika mchezo huo au katika ile michezo ya Ninde ya redio ya taifa. Alikuwa mwanamume anayeigiza mume mkorofi. Akaulizwa watu wanamchukuliaje, akasema hawezi tena kwenda sokoni kununua ndagala. Wanawake wakiisikia sauti yake wanamsema, na mmoja alikataa kumrudishia chenji mpaka aahidi kumheshimu mkewe. Akasema pia kuwa yeye anasoma tu karatasi aliyopewa, na mke wake halisi ndiye anayemsikiliza akijizoeza nyumbani na kumwambia hapa hujakasirika vya kutosha.

"Nilicheka peke yangu gizani," bibi aliniambia. "Mjukuu wangu, mwaka ule hakukuwa na kucheka. Lakini ndipo nilipojua kuwa yale maneno yanaandikwa. Kuna mtu anakaa, anaandika, mwingine anasoma."

Nilimwomba arudie sentensi hiyo, nikaiandika. Nadhani ndiyo jambo kubwa nililolipata katika utafiti wangu wote, na sikulipata katika kitabu. Katika nchi zetu hizi, redio ilikuwa imeonyesha inachoweza kufanya pale ambapo hakuna anayeuliza maneno yametungwa na nani. RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na kabla mwaka haujaisha tangu hapo, watu walikuwa wakiuawa huku ikichochea. Burundi nayo, mwaka 1994, ilisikika redio ya chuki iliyoitwa Rutomorangingo. Sauti kama hizo zinatoka hewani zikiwa tayari, hazina mwandishi, hazina karatasi, hazina mke anayesema hapa hujakasirika vya kutosha. Zinajifanya kuwa ni kweli yenyewe inayosema.

Mahojiano na mwigizaji yanafanya kinyume chake. Yanaigeuza nguo ndani nje na kukuonyesha mshono. Wanaoisifu michezo ile ya amani husifu mafunzo yake, kwamba jirani ni ndugu na kadhalika. Mimi nina mashaka na mafunzo. Bibi wa upande wa pili aliusikiliza mchezo ule miaka na miaka na bado shauri la shamba lilikwenda mbele. Yale mazungumzo mafupi ya pembeni, ambayo huenda mtangazaji aliyaweka ili kujaza dakika, yalimpa kitu ambacho mafunzo hayakumpa, yaani mazoea ya kuuliza. Na hicho ndicho ambacho hakuna aliyeona sababu ya kukihifadhi. Michezo yenyewe ilikuwa na wafadhili, na ripoti zinaihesabu. Mazungumzo na waigizaji yalikwenda kwenye kabati, yakarekodiwa waziri juu yake.

Kuna jambo la lugha pia, nami nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa linaniuma. Karibu yote aliyonisimulia bibi yalitangazwa kwa Kirundi, na ndivyo inavyostahili. Lakini Rumonge ni mji wa Waswahili, kama ilivyo Buyenzi kule Bujumbura, na Burundi ukimwita mtu Mswahili mara nyingi unamaanisha mjanja, mtu wa kukuuzia mali isiyo yake. Tuliporudi mwaka 2008 tulizungumza Kiswahili cha Katumba, na shuleni nilijifunza haraka kukificha. Kiswahili nilichokisikia redioni kilikuwa cha habari, cha mpira na cha matangazo ya dawa. Nilikuwa na miaka 14 niliposikia, kwenye kituo kilichokuwa kikikatikakatika kutoka ng'ambo, mshairi akiulizwa kwa Kiswahili kwa nini alichagua neno hili na si lile, naye akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Sikumbuki jibu. Nakumbuka kule kunyamaza. Mtu alikuwa akifikiri kwa lugha ya nyumbani kwetu, na redio nzima ilikuwa ikimsubiri. Labda babu, juu ya gunia lake, alisikia kitu kama hicho, na kwa kuwa malenga mkubwa aliyemjua kwa jina ni mmoja tu, akampa jina hilo.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kumrekodi kwa simu. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda tena na kwetu tulisikia mitumbwi ikigongana. Nilimweleza kwa adabu habari za mwaka 1964. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, maana si jambo dogo kijana wa chuo kumwambia mzee kuwa hakusikia alichosikia. Alikaa kimya muda mrefu. Katika rekodi ni sekunde 19, nimezihesabu. Bibi yangu, aliyekuwa akichambua mchele, ndiye aliyeanza kusema. Alisema jina hilo lilikuwa likitajwa redioni kila mara, kwa sababu uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina la Shehe Amri, na babu alikuwa hakosi mpira.

"Mpira hauna vina," babu akajibu.

Kisha akainama kuelekea simu, kana kwamba mtu aliyemo humo ndiye anayepaswa kujibu, akauliza: "Basi nilimsikia nani?"