Wazee wa Kata: kutoka kusuluhisha hadi kuhukumu, na kurudi

Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoiweka Mahakama ya Mwanzo kuwa mlango wa kwanza wa haki kwa kila mtu. Ili kuuona uzito wa hatua hiyo, turudi nyuma kidogo. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliujenga utawala wake juu ya machifu, na kuanzia mwaka 1929 mahakama za wenyeji ziliwekwa chini ya maofisa tawala badala ya Mahakama Kuu. Hivyo mtu yuleyule aliyesimamia kodi aliweza pia kuketi kuamua kesi za walipa kodi. Serikali ya uhuru haikuwa na sababu ya kuurithi mpango huo.

Hata hivyo, chifu alipoondoka, baraza lake liliondoka naye. Tusilipambe kupita kiasi, kwa maana mara nyingi mwanamke alisemewa na kaka au mjomba, na kijana alitarajiwa kusikiliza tu. Lakini baraza lile liliwajua wagombanao na wazazi wao, na shughuli yake haikukamilika mpaka watu wamekubali kuishi tena pamoja. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, ingawa aliketi na wazee wa baraza kumshauri, alikuwa mtumishi wa serikali ambaye angeweza kuhamishwa wakati wowote, na kazi yake ilikuwa kusema nani ameshinda. Majirani walirudi nyumbani na hukumu, wakiwa bado wanachangia kisima kimoja.

Pengo hilo ndilo lililojibiwa mwaka 1969 kwa kuundwa mabaraza ya usuluhishi, ambayo wajumbe wake walipatikana kupitia chama cha TANU. Wapo wanaoeleza kuwa nia ilikuwa kuzipunguzia mahakama mzigo wa kesi ndogondogo, na wapo wanaoona mkono wa chama uliotaka kufika hadi kwenye ugomvi wa majirani. Maelezo yote mawili yana ushahidi, ila ya pili yana nguvu zaidi kwangu: kama shida ingekuwa wingi wa kesi tu, mahakimu wangeongezwa, na hapakuwa na haja ya kuwatafuta wasuluhishi ndani ya chama.

Miaka miwili baadaye wazo hilo liliingia ndani ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilielekeza kuwepo baraza la usuluhishi wa ndoa katika kila kata, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria, mahakama haikuruhusiwa kupokea maombi ya talaka kabla baraza halijathibitisha kwamba limejaribu kuwapatanisha wanandoa na limeshindwa. Baraza hilo halikuweza kuvunja ndoa wala kugawa mali. Liliweza kusikiliza, kuonya, kubembeleza, na mwishowe kuandika cheti.

Mwaka 1985 mwelekeo ulibadilika. Serikali za mitaa, zilizokuwa zimevunjwa mwaka 1972, zilikuwa zimerudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na kata zikahitaji vyombo vyake. Sheria ya Mabaraza ya Kata ikaweka wajumbe kati ya wanne na wanane, wanaochaguliwa na kamati ya kata. Sheria ilisema kazi yao kuu ni kuleta amani kwa kusuluhisha. Haikuwabana kwa kanuni za ushahidi za mahakamani, na wakili hakuruhusiwa kusimama mbele yao. Lakini iliwapa pia uwezo wa kuamuru fidia na kutoza faini katika makosa madogo. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, shida ilipoanza. Mtu huweza kumkiria mzee kosa lake akijua kwamba mzee atamwombea msamaha kwa jirani, lakini hatakiri akijua kwamba mzee huyohuyo, saa hiyohiyo, anaweza kumtoza faini.

Ardhi iliikuza shida hiyo. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa mwaka 1991, ilipendekeza migogoro ya vijijini ianzie kwa Baraza la Wazee la Ardhi. Serikali haikuyakubali mapendekezo makuu ya tume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuja na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba ambao watatu kati yao ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha tu. Kisha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ikalifanya Baraza la Kata kuwa mahakama ya ardhi, lenye mamlaka juu ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Rufaa zilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililokuwa chini ya wizara ya ardhi, kisha Mahakama Kuu.

Sasa wakulima na walimu wastaafu, wasio na mshahara wa kazi hiyo, walitakiwa kuandika mwenendo wa shauri utakaosomwa na jaji. Sheria ilitaka wajumbe wanawake wawe watatu, na waketio kusuluhisha wawe watatu, angalau mmoja wao mwanamke. Karani alipoandika majina bila kuonyesha nani mwanamke, au aliposahau kutaja walioketi, wilaya au Mahakama Kuu iliweza kufuta shauri zima hata kama mpaka wa shamba ulikuwa umeonyeshwa sawasawa. Mara nyingi ilifuta. Mdai alirudi mwanzo akiwa na nauli iliyokwisha. Malalamiko ya upendeleo na ya fedha za chinichini nayo yalisikika, na hayakuwa ya uongo yote. Mtu asiyelipwa, anayeamua juu ya ekari za watu, hujaribiwa kuliko yule anayepatanisha tu.

Oktoba 2021 marekebisho ya sheria yaliliondolea Baraza la Kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, likabaki na usuluhishi. Wengine walieleza kuwa wajumbe walionekana hawana ujuzi, na wengine kuwa sheria imerudi kwenye kusudio la awali. Sioni kama sababu hizi zinapingana, kwa kuwa ujuzi uliokosekana ulikuwa wa kuhukumu. Tangu hapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri la ardhi mpaka kata ithibitishe kwamba imeshindwa kupatanisha. Na siku 30 zikipita bila suluhu, mdai anaweza kuendelea mbele. Kwa mkulima anayeishi mbali na makao ya wilaya, nafuu ya mpango huu inategemea jambo moja: kama jirani yake atakubali kuketi naye ndani ya siku hizo 30, au atazingoja ziishe.